Kiharusi ndani ya ambulensi: simu inapima nini, na haipimi nini

Swali la kwanza la watu wengi wanaposikia kuna programu za simu za kupima kiharusi ni hili: je, simu inaweza kujua kwamba huyu amepata kiharusi? Jibu ni hapana. Simu haioni ndani ya fuvu. Bila picha ya ubongo, hata daktari bingwa aliyezeekea kazini hawezi kuapa kama mshipa umeziba au umepasuka. Na hapo ndipo penye hatari, kwa maana dawa inayomwokoa aliyezibwa mshipa ndiyo inayoweza kumuua aliyepasukiwa.

Hata hivyo naziamini programu hizi, kwa sababu tofauti na ile inayotajwa kwenye matangazo. Thamani yake naiona katika kupeleka habari. Mgonjwa anapovuka mlango wa hospitali, watu wa ndani wawe wanajua tayari anayekuja ni nani, ana hali gani, anameza dawa zipi, na mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi. Ili jambo hilo lieleweke, inabidi kwanza tufungue fundo lililofungwa na watu wanaoita vitu vinne tofauti kwa jina moja.

Kwa nini dakika zinahesabiwa

Kiharusi hutokea damu inapokatika kufika sehemu fulani ya ubongo. Mara nyingi bonge la damu limeziba mshipa. Mara chache zaidi mshipa umepasuka na damu inavuja ndani ya ubongo wenyewe au kuuzunguka. Kwa nje, hali hizi mbili zaweza kufanana kabisa: mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki.

Mwaka 2006 daktari wa Marekani Jeffrey Saver alipiga hesabu ambayo tangu hapo inatajwa kila mahali kiharusi kinapozungumzwa. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba bila matibabu, mgonjwa wa kawaida hupoteza seli za neva milioni 1.9 kwa kila dakika inayopita. Ni wastani tu. Wapo ambao mishipa yao midogo ya pembeni inausaidia ubongo kustahimili kwa saa nyingi, na wapo wanaoharibikiwa upesi. Lakini hakuna anayeweza kukuambia ukiwa sebuleni huyu aliyeanguka ni wa kundi gani.

Matibabu yenyewe hayana umri mkubwa. Utafiti ulioifungulia njia dawa ya kuyeyusha mabonge, alteplasi, ulitoka mwaka 1995, na ulihusu wagonjwa waliotibiwa ndani ya saa 3. Mwaka 2008 utafiti mwingine ulionyesha kwamba wagonjwa wanaofaa wananufaika hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2015 zikatoka tafiti tano mfululizo zilizothibitisha kwamba bonge likikaa katika mshipa mkubwa, kulivuta kwa mrija unaopitishwa ndani ya ateri kunawarudishia wagonjwa wengi uwezo wa kujitegemea. Mwaka 2018 muda wa tiba hiyo ukaongezwa hadi saa 24 kwa wagonjwa wanaochaguliwa kwa picha maalumu.

Wengi husoma namba hizo vibaya. Kuambiwa kuna saa 4 na nusu si ruhusa ya kusubiri. Faida ya dawa inapungua tangu dakika ya kwanza, na mtu aliyetibiwa saa ya kwanza hayuko sawa na aliyetibiwa saa ya nne, ingawa wote wameingia kabla mlango haujafungwa.

Vitu vinne, jina moja

Kitu cha kwanza ni programu za raia. Zinamfundisha mtu dalili, zinamkumbusha aangalie uso, mkono na usemi, kisha zinampa kitufe cha kupiga simu ya dharura. Cha pili ni programu za mhudumu wa ambulensi zinazoendesha kipimo cha alama: zinauliza, yeye anajibu, zinajumlisha. Cha tatu zinasaidia kuamua mahali pa kumpeleka mgonjwa, kama ni hospitali iliyo karibu au ile ya mbali yenye wataalamu wa kuvuta mabonge. Cha nne ni za mawasiliano. Hizo hutuma taarifa za mgonjwa kwa timu ya kiharusi, zinafungua mazungumzo kati ya ambulensi na daktari, na zinaanzisha saa moja ambayo kila mhusika anaiona.

Programu moja inaweza kubeba kazi mbili au tatu kati ya hizo, na hapo ndipo utata unapoingia. Mtu husoma kwamba programu fulani imepunguza muda wa matibabu, akadhani imefanya hivyo kwa sababu inagundua kiharusi vizuri. Pengine kilichosaidia ni ujumbe uliotangulia hospitalini, na kipimo hakikuongeza lolote.

Vipimo vilivyomo ndani

Programu hazikubuni vipimo hivi. Zimevikuta vikifanywa kwa karatasi na kalamu. Kinachojulikana zaidi duniani ni FAST, herufi za Kiingereza zinazosimamia uso, mkono, usemi na muda, kilichotengenezwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla yake kidogo, Marekani ilikuwa na kipimo cha Cincinnati, chenye mambo yaleyale matatu: tabasamu, kunyoosha mikono yote miwili macho yakiwa yamefumbwa, na kurudia sentensi.

Hiyo sentensi inastahili tuitazame kidogo. Kipimo cha Cincinnati humtaka mgonjwa arudie msemo wa Kiingereza kwamba mbwa mzee hafundishiki mbinu mpya. Mtu aliyekulia katika Kiswahili ukimpa tafsiri ya msemo huo atasitasita hata kama ni mzima, kwa kuwa hajawahi kuusikia. Mpe "haba na haba hujaza kibaba". Ataitoa bila kufikiri, na midomo yake italazimika kukutana mara nne. Upande mmoja ukiwa umelegea, utasikia. Programu iliyotafsiriwa neno kwa neno bila kulifikiria hili itampa mhudumu alama za uongo, na hakuna ufundi wa kompyuta utakaozirekebisha baadaye. Lugha ya mgonjwa ni sehemu ya kipimo.

Hospitalini kipimo kikuu ni NIHSS, kilichochapishwa mwaka 1989. Kina vipengele 11, kuanzia kiwango cha ufahamu, macho, uso, mikono na miguu hadi usemi na uwezo wa kutambua upande mmoja wa mwili, na alama zake huanzia 0 hadi 42, zikipanda hali ni mbaya zaidi. Ni kipimo kizuri, lakini kinachukua muda na kinahitaji mafunzo. Ndiyo maana vikatengenezwa vifupi kwa ajili ya ambulensi, hasa vile vinavyojaribu kubahatisha kama mshipa mkubwa umeziba: LAMS, RACE, FAST-ED na vinginevyo.

Nichukue RACE kama mfano, maana ndicho kinachoonyesha vizuri kwa nini simu inafaa kuliko karatasi. Kilitengenezwa Catalonia nchini Hispania na kuchapishwa mwaka 2014. Alama zake ni 0 hadi 9. Mhudumu anaangalia uso, mkono, mguu, na kama macho na kichwa vimegeukia upande mmoja. Kisha swali la mwisho linabadilika kulingana na upande uliolegea. Ukilegea wa kulia, anamwamuru mgonjwa afumbe macho na akunje ngumi, ili ajue kama maneno yanaeleweka. Ukilegea wa kushoto, anamshika mkono huo dhaifu na kumuuliza: huu ni mkono wa nani? Wapo wanaojibu kwa utulivu kabisa kwamba mkono huo si wao. Ubongo wa upande wa kulia umeacha kuutambua mkono kuwa sehemu ya mwili.

Kwenye karatasi, mhudumu aliyepiga magoti sakafuni usiku wa manane, familia ikilia pembeni, anapaswa kukumbuka njia panda hiyo. Kwenye simu anabonyeza "kulia" au "kushoto", na swali linalofuata ndilo linalofaa. Hajumlishi kichwani wala haruki kipengele. Na mhudumu wa zamu ya asubuhi anapima kama wa usiku. Ni faida ndogo ukiitazama peke yake, ila ni ya kweli.

Kinachofanana na kiharusi, na kiharusi kisichofanana nacho

Sukari ya damu ikishuka sana, mtu anaweza kulegea upande mmoja na kuropoka kama mwenye kiharusi, kisha akarudi mzima baada ya kupewa glukosi. Mtu aliyetoka kwenye kifafa anaweza kubaki na mkono dhaifu kwa muda. Kipandauso cha aina fulani huleta ganzi na kushindwa kusema. Neva ya uso ikipooza, mdomo huenda upande, ila hapo kwa kawaida hata paji la uso la upande ule haliwezi kukunjwa, ilhali kwenye kiharusi paji mara nyingi husalimika.

Kwa hiyo programu nzuri haianzi na uso. Inaanza na kipimo cha sukari kwenye ncha ya kidole, na inauliza habari za kifafa. Kipimo cha Los Angeles, kinachoitwa LAPSS, kilikuwa na maswali hayo tangu miaka ya 1990, na bado zipo programu za siku hizi zinazoyasahau.

Upande wa pili unaniogopesha zaidi. Viharusi vya nyuma ya ubongo, kwenye shina lake na ubongo mdogo, huja kwa kizunguzungu kikali, kuyumba, kuona vitu viwili au kutapika. Mkono una nguvu. Uso uko sawa. Mgonjwa anaambiwa amekula kitu kibaya, alale kidogo. Utafiti mmoja wa Kentucky, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa waliothibitishwa kuwa na kiharusi cha kuziba, takriban asilimia 14 hawakuwa na dalili hata moja ya FAST. Walipoongeza usawa wa mwili na macho kwenye orodha, waliokosekana walibaki kama asilimia 4. Orodha hiyo iliyoongezwa ndiyo inayoitwa BE-FAST. Hasara yake ni kwamba kizunguzungu kina sababu nyingi mno, hivyo ukiongeza swali hilo unawanasa wagonjwa wengi zaidi na unapiga kengele nyingi zaidi za bure. Hakuna kipimo kinachokwepa gharama hiyo.

Hesabu ambayo kila mtu anapaswa kuiona mara moja

Tuingie kwenye kiini cha utata. Tuseme kuna kipimo kinachosifiwa kuwa na usahihi wa asilimia 80: kati ya watu 100 walioziba mshipa mkubwa kinawanasa 80, na kati ya watu 100 wasioziba kinawaacha 80 ipasavyo. Namba hizi nimezichagua mimi kwa ajili ya mfano. Tuseme pia kwamba ambulensi imebeba watu 100 wanaoshukiwa kiharusi, na 10 kati yao ndio wenye mshipa mkubwa ulioziba.

Katika hao 10, kipimo kitanasa 8 na kupoteza 2. Katika 90 waliobaki, kitawaacha 72 ipasavyo, na 18 kitawaita kimakosa. Waliowekewa alama nyekundu kwenye simu ni 26. Wenye tatizo lenyewe ni 8. Maana yake, hata kwa kipimo hicho kizuri, alama nyekundu ikiwaka, uwezekano kwamba mgonjwa kweli ameziba mshipa mkubwa haufiki theluthi moja.

Hesabu hii haisemi kipimo ni kibovu. Inasema kwamba unapotafuta kitu cha nadra ndani ya kundi kubwa, wengi utakaowaokota ni wasiohusika. Unaweza kupandisha kiwango cha alama ili kupunguza makosa hayo, lakini hapo utawapoteza wengi zaidi kati ya wale 10. RACE yenyewe, kwa kiwango cha alama 5 kwenda juu, ilinasa asilimia 85 ya walioziba mshipa mkubwa katika uthibitisho wake wa awali, na iliwaacha ipasavyo asilimia 68 ya wasioziba. Kila kipimo kimesimama mahali fulani kwenye mlinganyo huo, hakuna kilichoukwepa.

Sasa fikiria wale 18. Programu ikisema wapelekwe hospitali ya mbali, watapita mbele ya hospitali ya karibu ambayo ingeweza kuwapiga picha na kuwachoma dawa ya kuyeyusha mapema. Baadhi yao ubongo unavuja damu, na safari ndefu kwenye gari linaloyumba, shinikizo la damu likiwa juu na matapishi yakitishia kuingia mapafuni, si mahali pa kuwa.

Watu wa Catalonia walilipima jambo hili kwa ujasiri ninaouheshimu. Kati ya mwaka 2017 na 2020, katika utafiti ulioitwa RACECAT, wagonjwa 1,401 waliokuwa mbali na vituo vikubwa na wenye alama za juu za RACE waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapelekwe moja kwa moja kwenye kituo cha kuvuta mabonge, wengine hospitali ya karibu kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya siku 90, hali ya wagonjwa wa kiharusi cha kuziba haikutofautiana kati ya makundi. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba wale waliogundulika kuwa na damu inayovuja walifanya vibaya zaidi walipopelekwa mbali.

Usilichukue jibu hilo kama sheria ya kila mahali. Catalonia ina hospitali za karibu zinazofanya kazi haraka na mfumo wa kuhamisha wagonjwa uliozoeleka. Penye hospitali ya karibu isiyo na CT, yaani mashine ya kupiga picha ya ubongo, au inayokaa na mgonjwa saa tatu kabla ya kumruhusu aendelee, jibu linaweza kugeuka. Ndiyo maana programu yenye kanuni moja iliyoandikwa kwingine, ikawekwa eneo jipya bila mtu kukaa na ramani na takwimu za hospitali za hapo, ni hatari. FAST-ED ilipofanywa programu ya simu, watengenezaji wake huko Atlanta walilijua hili: pamoja na alama za kipimo, programu inazingatia muda tangu dalili zianze, dawa za kuzuia damu kuganda, na hospitali zilizopo zikiwa na umbali wake wa wakati huo. Uamuzi unatokana na vyote hivyo kwa pamoja.

Oslo na Helsinki

Tafiti mbili za Ulaya Kaskazini zikiwekwa pamoja zinafundisha zaidi ya orodha ndefu ya programu.

Oslo, Norway, kuanzia mwaka 2019 hadi 2021, wahudumu wa ambulensi walifundishwa kupima NIHSS nzima, ile ya vipengele 11, kwa kutumia programu ya simu iliyowaongoza hatua kwa hatua na kuwaunganisha na daktari wa kiharusi aliye zamu. Mradi huo unaitwa ParaNASPP, na matokeo yake yalitoka mwaka 2023. Waliotarajia programu iongeze idadi ya wagonjwa wanaotambuliwa sawasawa hawakupata walichotarajia. Kati ya wagonjwa walioletwa wakishukiwa kiharusi, waliokuwa nacho kweli walikuwa asilimia 48.1 kwenye kundi la programu na asilimia 45.8 kwenye kundi la utaratibu wa kawaida, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Tena wahudumu walikaa eneo la tukio dakika chache zaidi.

Kuna jambo jingine ndani ya utafiti huohuo ambalo halikupata sauti kubwa. Alama walizotoa wahudumu zilikaribiana vizuri na zile za madaktari hospitalini. Maana yake mtu asiye daktari, akifundishwa vizuri na kuongozwa na simu, anaweza kuzungumza lugha moja na timu ya kiharusi. Akisema "alama 14" kutoka barabarani, daktari anaona picha ileile. Mimi naliona hilo kuwa zao kubwa la mradi ule, ingawa silo lililokuwa likitafutwa.

Helsinki, Finland, ni habari ya zamani kidogo na haina programu hata moja. Daktari Atte Meretoja na wenzake walieleza jinsi hospitali yao ilivyopunguza muda kati ya mgonjwa kufika mlangoni na kuchomwa dawa. Mwaka 1998 muda wa kati ulikuwa dakika 105. Mwaka 2011 ulikuwa dakika 20, yaani nusu ya wagonjwa waliopewa dawa waliipata ndani ya dakika 20 tangu wafike. Walifikaje huko? Ambulensi ilipiga simu mapema, moja kwa moja kwa daktari wa kiharusi. Jina na historia ya mgonjwa vilisomwa akiwa bado njiani. Vipimo viliagizwa kabla hajafika. Alipofika, hakupelekwa kitandani bali kwenye meza ya CT, na dawa ilianza palepale.

Yote hayo yalifanyika kwa simu ya kawaida na nidhamu. Meretoja na wenzake baadaye walikadiria kwamba kila dakika inayookolewa kabla ya dawa humpa mgonjwa, kwa wastani, siku 1.8 za ziada za maisha yenye afya.

Ukiziweka Oslo na Helsinki bega kwa bega, unaona simu inapofaa kuwekwa. Ikitakiwa kuwa daktari, inaongeza kidogo. Ikitakiwa kuwa mjumbe, ina kazi kubwa, na inaweza kuifanya vizuri kuliko simu ya sauti, kwa sababu sauti hupotea, jina husikika vibaya, na muuguzi aliyepokea habari anaweza kuwa ametoka chumbani mgonjwa anapofika. Ujumbe ulioandikwa unamfikia daktari, mtu wa CT na mtu wa dawa kwa wakati mmoja.

Saa ya mwisho ya uzima

Katika ujumbe huo, sehemu moja inazidi nyingine zote kwa uzito, nayo haihitaji ufundi wowote: mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi?

Wengi huuliza "ilianza lini?" na wanajibiwa "alfajiri, saa kumi na moja, tulipomkuta." Hiyo ni saa ya kumkuta. Kama alilala saa nne usiku akiwa mzima, basi hesabu inaanzia saa nne usiku, na dirisha la dawa huenda limefungwa, isipokuwa picha maalumu ionyeshe vingine. Mhudumu akiandika saa kumi na moja kimakosa, mgonjwa anaweza kuchomwa dawa ambayo kwake sasa ni hatari. Makosa ya upande wa pili nayo yapo. Huenda mgonjwa aliamka usiku kwenda msalani saa tisa, akasalimiana na mtu akiwa hana shida. Hilo peke yake linarudisha matumaini ya saa tano.

Programu iliyotengenezwa na watu wanaojua kazi hutenganisha maswali hayo mawili, kila moja na nafasi yake, na haikubali mhudumu apite bila kujaza. Pia inauliza jina na namba ya simu ya aliyemwona mara ya mwisho, ili daktari aweze kumpigia. Dawa za kuzuia damu kuganda zina nafasi yake, na kuna kitufe cha kupiga picha maboksi ya dawa yaliyopo mezani, maana watu hukosea majina ya dawa lakini picha haikosei. Ninapotathmini programu hizi, huanza na kurasa hizo tatu kabla sijatazama kipimo chochote cha alama.

Mambo mengine niyapitie upesi. Programu lazima ifanye kazi bila mtandao na kutuma ujumbe mara mtandao unaporudi, kwa kuwa wagonjwa hawaangukii chini ya minara tu. Vitufe viwe vikubwa vya kubonyezwa kwa kidole chenye glavu. Kusiwe na hatua ya kufungua akaunti wakati wa dharura. Picha na video za mgonjwa zisibaki kwenye simu binafsi ya mhudumu. Mtu aliyepooza, nusu uchi, hajatoa ruhusa ya kuhifadhiwa kwenye maktaba ya picha za mtu mwingine. Nyingi zinazopatikana kwenye maduka ya programu hazijawahi kupimwa kwa wagonjwa halisi, na wingi wa nyota za watumiaji si ushahidi.

Kamera inayosoma uso

Watafiti wa nchi kadhaa wanafundisha kompyuta kutambua tabasamu lililoenda upande kwa kamera ya simu, na wengine wanatumia kihisi mwendo kilichomo ndani ya simu kupima mkono unavyoshuka mgonjwa anapoinyoosha mikono. Mwelekeo huo naupenda, lakini nina maswali mawili. La kwanza: nyuso zilizofundishia programu ni za nani? Ikiwa ni za watu wa umri mmoja na rangi moja, waliopigwa picha penye mwanga mzuri, sitegemei ifanye kazi vilevile kwa bibi asiye na meno, taa ikiwa hafifu. La pili: hata uso ukisomwa kwa usahihi kamili, bado kuna viharusi visivyogusa uso kabisa, na kuna neva ya uso iliyopooza bila kiharusi. Kamera inaweza kumwongezea mhudumu jicho, na hilo ni jema. Ile hesabu ya 26 na 8 bado itabaki palepale.

Kwa msomaji ambaye si mhudumu

Ukimwona mtu amelegea ghafla upande mmoja, maneno yanamgonga, haoni vizuri au ameshindwa kusimama sawa, usianze kutafuta programu ya kupakua. Dakika unazotumia kuipakua ni zake. Piga simu ya dharura. Mlaze salama, kwa ubavu kama anatapika au fahamu zinapungua. Usimpe chakula wala maji, kwa sababu kumeza kunaweza kuwa kumeharibika. Usimpe aspirini: hujui kama mshipa umeziba au unavuja, na kama tulivyoona tangu mwanzo, hakuna simu itakayokuambia. Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi, bado ni dharura, kwa kuwa kiharusi kidogo cha kupita mara nyingi hutangulia kikubwa.

Kisha, wakati mnangoja gari, ifanyie simu yako kazi inayoiweza kweli. Piga picha dawa zake zote. Andika saa ya mwisho mliyomwona mzima, na si ile mliyomkuta. Andika jina la aliyemwona saa hiyo na namba yake, umkabidhi mhudumu, na umwambie mtu huyo asizime simu.